Naomba ushauri: farasi wa odi kubwa mnamchaguaje?

Habari za jioni wakuu. Nipo Area C hapa Dodoma, naombeni msaada.

Kijiweni tuko sita, tunacheza shindano letu la kuchagua farasi wa mbio za Marekani. Hela hakuna, ila anayeshika mkia ananunua mishikaki. Kila mbio unachagua farasi wawili, na pointi zinafuata odi (uwiano wa malipo ya kamari; ikiwa kubwa, wengi hawamtegemei farasi huyo kushinda): wa 30 kwa 1 akishinda unapata 30, wa 2 kwa 1 unapata 2. Kwa hiyo ukimng'ang'ania anayependwa na wote hufiki popote.

Aliyenitia wazimu ni farasi Rich Strike, kwenye Kentucky Derby ya 2022, mbio kubwa ya Marekani. Kaingizwa siku moja kabla, baada ya farasi mwingine kutolewa, odi 80 kwa 1, akatokea nyuma sana akawapita wote. Video yake nimeirudia mpaka bando likakata. Walioongoza walitoka mbio mno mwanzoni, pumzi ikawaishia.

Basi na mimi nikawa nachagua wanaotokea nyuma tu, odi kuanzia 20. Wiki ya nne hii, sifuri. Daftari limejaa mikasi ya kalamu nyekundu. Kuna mmoja nilimchagua kwa jina tu, tusiulizane.

Nauliza hivi: kabla ya mbio nitajuaje kwamba wanaopenda kuongoza ni wengi na watachoshana? Na farasi aliyezoea kukimbia kwenye uwanja wa nyasi akiletwa kwenye wa udongo, odi yake kubwa niikimbie au ndiyo nafasi yenyewe?

Jumamosi ni zamu nyingine, na muuza mishikaki ameshanizoea.