Roboti ikisoma uso wako ikakwambia "pole", hiyo ni huruma au danganya toto?

Fundi_Simu: Wakuu salaam. Jana nimeona video ya Paro, roboti ya Kijapani yenye umbo la sili, yule mnyama wa baharini, manyoya meupe, wanapewa wazee waliopoteza kumbukumbu wampakate, ukimpapasa anafumba macho na kulia kidogo. Bibi mmoja anaongea naye kama mjukuu. Sasa kuna roboti zingine zina kamera zinasoma uso, zikiona umenuna zinabadilisha sauti. Ni sawa kumpa mzee kitu kinachojifanya kinamhurumia? Tujadili bila matusi.

Mtoto_wa_Gerezani: Danganya toto. Mimi msiba wa baba nilikuwa nacheka na wageni siku tatu nzima, hiyo kamera ingeandika "ana furaha". Si ndo maana Ulaya wamepiga marufuku mashine za kusoma hisia.

Mjuaji: Wamekataza makazini na mashuleni, tangu Februari 2025, ila kwa sababu za matibabu na usalama ruksa. Soma kwanza. Na Paro hasomi uso wa mtu, anahisi mguso, mwanga, sauti, mnachanganya madawa.

Kipanga: Shida yenu mnadhani pole ni hisia. Mtu akijikwaa pole, akikohoa pole, akitoka kazini pole na kazi, nani anahisi kitu hapo? Pole ni adabu tu. Roboti ikisema pole imefanya kile kile anachofanya karani wa benki.

Mtoto_wa_Gerezani: Kwahiyo pole nilizopewa msibani ni za karani wa benki. Ahsante sana ndugu.

Kipanga: Sijasema hivyo.

Mtoto_wa_Gerezani: Umeandika "nani anahisi kitu", iko hapo juu, ifute basi.

Bi_Tausi: Wenzetu wanatupa wazee ndo maana wanawatengenezea masanamu. Sisi mzee tunakaa naye, tunakula naye sinia moja, mjukuu anamkanda miguu. Ya nini roboti?

Mlezi_Leeds: Dada Tausi samahani ila hapo umenigusa. Mimi ndo wale mnaosema wanabeba maboksi Uingereza, mwaka wa sita huu nalea wazee, zamu ya usiku tuko wawili kwa wazee ishirini na kitu, na hela ya presha ya mama yangu Tanga inatoka humo humo kwenye kumsafisha bibi wa watu. Mama yuko na dada wa kazi. Nani kamtupa nani?

Bi_Tausi: Sikukusema wewe mdogo wangu. Ila umesema mwenyewe, yuko na dada wa kazi.

Mlezi_Leeds: Haya.

Nairobi_Kavu: Wacha niulize tu, huyo dada mnamlipa ngapi? Juu yeye ndio anasema pole masaa 24, na mamake ako ushago pekee yake.

Mlezi_Leeds: Laki na nusu, kula kulala juu yetu, likizo mara mbili. Wangapi humu mnalipa hivyo?

Kipanga: Laki na nusu kwa Tanga?? Nyie wa nje ndo mnaharibu soko, wa kwangu kashaanza kuniuliza uliza.

Nairobi_Kavu: Hahaha mtu wa "pole ni adabu" kumbe hata adabu analipa nusu.

Mjuaji: Mada ni roboti jamani. Pepper, ile iliyotangazwa kwamba inasoma hisia, 2015 ilipoanza kuuzwa Japani 1000 za kwanza ziliisha ndani ya dakika moja, baadae uzalishaji ukasimama kwa kukosa wateja. Rwanda 2020 zililetwa roboti tano za aina nyingine enzi za korona, kazi yao kupima joto na mambo kama hayo, hakuna aliyezidai huruma.

Bi_Tausi: Anayejua mishahara ya madada Dar atuambie.

Mlezi_Leeds: Niseme moja nikalale. Kuna bibi ananiita jina la binti yake. Mwanzoni nilikuwa namsahihisha, analia, siku hizi naitika tu. Sasa mimi na huyo sili tofauti yetu sijui.

Mtoto_wa_Gerezani: Duh. Pole dada. Na hii naihisi, Kipanga asije akaanza.

Bi_Tausi: Mama yuko Tanga sehemu gani? Mimi niko Chumbageni.

Mlezi_Leeds: Makorora. Nakuja inbox.

Kipanga: Hiyo laki na nusu ni pamoja na kufua?