Naomba ushauri: chokaa ipi inafaa kwa ukuta wa matofali wa mwaka 1908?

Wakuu, habari zenu. Nyumba ni ya 1908, kuta za matofali laini ya kuchoma, zimejengwa kwa chokaa na mchanga bila saruji. Baadaye maungio ya upande unaopigwa na mvua yalizibwa kwa saruji. Sasa nyuso za matofali zinabanduka, na ndani chumvi nyeupe inatokeza hadi kimo cha mita 1. Chanzo kinaeleweka: saruji haipitishi unyevu kwa urahisi, maji yanalazimika kutokea kwenye tofali, na chumvi ikikauka humo inalipasua.

Mpango ni kutoa saruji kwa patasi na nyundo hadi kina cha milimita 25 (grainda hapana, inakata kingo za matofali na hazirudi tena), kulowesha maungio, kujaza kwa chokaa 1 na mchanga 3 wenye chembe za ukubwa mchanganyiko, kisha kufunika kwa magunia yenye unyevu siku 7.

Naomba mnisaidie: nitumie chokaa ya kulowekwa, inayoganda polepole kwa hewa, au ile inayoganda hata kwenye maji? Na saruji iliyonata mno, ambayo kuing'oa kunavunja tofali, niiache?