Kiangazi cha Muscat: mimi na mume wangu twende wapi Ijumaa na Jumamosi?

Mkaazi wa Seeb anauliza:

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nimefungua mjadala huu kwa sababu kiangazi kimeshaingia, na sitaki kitupite kama kilivyotupita cha mwaka jana. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, nimeletwa Oman na ndoa miaka mitatu iliyopita. Mume wangu amezaliwa hapa hapa, kwa wazazi waliorudi kutoka Zanzibar. Kazi yake iko Sohar. Anaondoka nyumbani Jumapili alfajiri na kurudi Alhamisi usiku, kwa hiyo ukiihesabu ndoa yetu kwa saa, karibu yote imo ndani ya Ijumaa na Jumamosi.

Mwaka jana siku hizo mbili tulizimaliza ndani, kiyoyozi kikiwaka mchana kutwa, au katika maduka makubwa tukizunguka bila ya kununua kitu. Safari tuliyojaribu ilikuwa moja tu, ya Wadi Shab (wadi ni bonde la milimani linalopitisha maji), mwezi wa Julai, nayo kwa kutojua tuliianza saa nne asubuhi. Hatukufika. Tulipokwishaipita Quriyat tairi la nyuma lilipasuka, tukakaa kando ya barabara kwa zaidi ya saa nzima, mume wangu akibadilisha tairi huku amejizungushia taulo mikononi kwa kuwa spana na rimu zilikuwa hazishikiki kwa moto, nami nimesimama nimemshikia mwavuli. Matairi yale tuliyanunua miezi mitano tu kabla ya siku hiyo, na muuzaji alituapia kuwa ni mapya.

Gari letu ni dogo la kawaida, la mjini. Mume wangu anapenda milima. Mimi nimekulia Malindi ya Unguja, kando ya bahari, na nikikaa siku nyingi bila ya kuona maji moyo wangu hautulii. Tungependa kulala nje usiku mmoja, tuondoke Alhamisi usiku au Ijumaa baada ya sala, na turudi Jumamosi jioni ili mwenzangu apate kupumzika kabla ya kurudi kazini. Je, katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, ipo sehemu ambayo mtu na mwenzake wanaweza kutembea kwa miguu, wakakaa nje na wakazungumza bila ya kuungua?

Mzee wa Birkat anajibu:

Wa alaykumu ssalaam, mwanangu. Mimi na mke wangu tulianza kutoka pamoja kila kiangazi tangu watoto wetu wangali wadogo. Sasa wameoa na kuolewa, nasi bado tunatoka.

Niruhusu nianze na tairi, kwa kuwa hilo ni jambo la uhai. Ubavuni mwa kila tairi pana tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa, hivyo 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi linaweza kuwa halijawahi kugusa barabara na bado likawa limezeekea ghalani, mpira wake umekauka, kisha joto la lami ya Julai likalimaliza kwa siku moja. Mwambie mumeo ainame azisome tarakimu hizo mwenyewe kabla ya kutoa pesa.

Kuhusu pa kwenda, mimi joto nalikimbia kwa kupanda. Uwanda wa Saiq, huko kwenye mlima wa Jebel Akhdar, uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mara nyingi hali ya hewa huwa chini ya ile ya Muscat kwa nyuzi 15 hivi. Siku watu wa mjini wanapopiga nyuzi 43, huko juu unatembea mchana. Gari lenu, hata hivyo, halitapita. Juu kidogo ya Birkat al-Mouz kipo kituo cha polisi, na haliruhusiwi kupanda gari lisilo na nguvu ya magurudumu yote manne. Wengi hulalamika, lakini mimi naiunga mkono sheria hiyo kwa sababu ya safari ya kuteremka: barabara inashuka kilomita nyingi bila ya kupumzika, na anayetegemea breki badala ya gia ndogo huzichoma kabla ya kufika chini. Ndiyo maana utaona kando ya barabara zimechongwa njia za dharura za kumpokea aliyepoteza breki. Liacheni gari lenu chini, mkodi gari pamoja na dereva hapo hapo Birkat al-Mouz. Dereva wa mlimani anaijua kila kona. Mkiwa bado chini, kaeni kidogo kando ya Falaj al-Khatmeen, mmoja wa mifereji mitano ya Oman iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Maji yake yanapita katika minazi ya Waarabu, yaani mitende, na ukitia miguu utasahau ulikotoka.

Huko juu tembeeni kutoka al-Aqr kwenda al-Ayn hadi ash-Shirayjah, kwa njia ya miguu inayopita katika matuta ya bustani. Mawaridi yatakuwa yamekwisha, kwani huchumwa kuanzia Machi mpaka Mei, na ndipo wenyewe hupika marashi. Lakini mkirudi mwishoni mwa Agosti mtayakuta makomamanga yameanza kuiva. Teremkeni pia Wadi Bani Habib, penye mijozi mirefu na nyumba za mawe zilizohamwa. Mara ya kwanza kulala huko, mwezi wa Julai, mke wangu aliitoa shali yake ya sufu mkobani, akaniambia kuwa aliipakia bila ya kuniarifu kwa kuogopa nisije nikamcheka. Tulijifunika sote wawili.

Kama siku hiyo hamna pesa ya kukodi, nendeni Misfat al-Abriyin. Lami inafika mpaka mlangoni mwa kijiji, na ingawa baridi yake si ya Jebel Akhdar, kivuli cha mitende na falaji inayopita katikati ya nyumba vinatosha kwa asubuhi na jioni.

Neno la mwisho ni onyo. Katika kiangazi mawingu hujikusanya alasiri juu ya milima ya Hajar, nasi tunaiita mvua hiyo rawaih. Inaweza kunyesha kileleni ilhali nyinyi mmekaa wadini mbingu nyeupe, na maji yakateremka juu yenu kwa dakika chache. Sote tunakumbuka Aprili 2024, mafuriko yalipowachukua hata watoto wa skuli. Ikifika saa nane mchana, tokeni wadini, na wadi inayopita maji msiivuke kwa gari hata kama wenzenu wanavuka.

Binti wa Sur anajibu:

Dada yangu, Mzee amesema kweli yote, lakini amekupeleka mbali na maji, nawe umesema moyo wako uko kwenye maji. Wapo tunaolikimbia joto kwa kusafiri usiku.

Nendeni Ras al-Jinz, hifadhi ya kasa iliyo pwani. Kasa wa kijani hupanda huko kutaga, na miezi hii ya kiangazi ndiyo wanayopanda kwa wingi. Kutoka Muscat mpaka Sur kwa barabara ya pwani ni kama kilomita 200, kisha saa moja hivi mpaka hifadhini. Kuingia ufukweni ni kwa kuongozwa tu, makundi ya usiku na ya alfajiri, na nafasi huwekwa mapema. Mimi na mume wangu tunapendelea alfajiri, kwa sababu unamuona kasa kwa mwanga wa Mungu na watu huwa wachache. Taa na kamera zenye mwanga zinakatazwa, kwani humbabaisha mama akarudi baharini bila ya kutaga.

Nitakueleza tulichokiona mwaka juzi. Tulikaa mchangani kimya, na kasa mmoja alikuwa kama hatua sita mbele yetu anafukia mayai yake. Alikuwa anautupa mchanga kwa makasia ya mbele, unatua kwa kishindo, kisha anatulia, anavuta pumzi kwa sauti kama mtu mzima aliyepanda ngazi, halafu anaanza tena. Machozi yalikuwa yanamtoka, mazito. Mwongozaji wetu akatueleza kuwa hivyo ndivyo anavyoitoa chumvi mwilini. Hutaga mayai 100 hivi kwa mara moja, nayo hukaa kiasi cha miezi miwili, na joto la mchanga ndilo linaloamua watoke majike au madume. Alipomaliza aliujazia mchanga mahali pengi ili asijulikane alipotaga hasa, kisha akaanza kurudi baharini, akipumzika kila baada ya hatua chache. Mume wangu, ambaye njia nzima alikuwa ananiuliza kwa nini nimemwamsha saa tisa usiku, alinishika mkono asiuachie mpaka kasa alipozama.

Hata mchana huko ni mwepesi kuliko wa Muscat. Upepo wa kusi unapita pembeni mwa pwani hiyo na kuyainua maji ya baridi kutoka chini, kwa hiyo Ras al-Hadd, jirani na hapo, kuna hewa ambayo hutaiamini. Mkitoka hapo pumzikeni Sur mpaka alasiri ipoe, kisha mkaangalie viwanda vya majahazi na Fatah al-Khair, jahazi lililoundwa Sur mwaka 1951, ambalo sasa limepandishwa nchi kavu lionekane. Kwa mtu wa Malindi, aliyesikia hadithi za majahazi yaliyokuwa yakitia nanga Forodhani, si jambo dogo kuligusa lenyewe. Wadi Shab iacheni mpaka Novemba.

Mpenda Kusi anajibu:

Nawaamkia nyote. Nashangaa haijatajwa Salalah, mji wa kusini, ilhali ndiko kiangazi kinakogeuka kuwa masika.

Upepo huo wa kusi alioutaja dada wa Sur ndio uleule uliokuwa ukiwarudisha mabaharia kutoka Unguja na Lamu. Unapofika pwani ya Dhofar, mkoa wa Salalah, umejaa unyevu, unakutana na bahari iliyopoa, kisha unajigonga kwenye milima na kugeuka ukungu na manyunyu. Hiyo ndiyo kharif, na huhesabiwa kuanzia tarehe 21 Juni mpaka tarehe 21 Septemba hivi. Mlima uliokuwa rangi ya udongo mwezi wa Mei unakuwa kijani kitupu ifikapo mwishoni mwa Julai, na joto huzunguka nyuzi 25.

Wapo watakaokushauri mwende kwa gari. Kwa siku mbili siliafiki hilo hata kidogo. Ni kilomita kama 1,000 za jangwa kupitia Adam, Haima na Thumrait, ngamia wanavuka usiku bila ya hadhari, na ukungu wa mteremko wa mwisho unaficha hata gari lililo mbele yako. Mtu aliyetoka kazini wiki nzima haifai kubebeshwa mzigo huo. Pandeni ndege Alhamisi usiku, ni mwendo wa saa moja na nusu hivi, mkodi gari huko huko. Wekeni nafasi mapema, kwa maana katikati ya msimu Ghuba nzima inahamia Salalah, na msiende Julai mwanzoni, kwani milima huwa bado haijakolea. Ain Athum na Wadi Darbat nendeni asubuhi kabla ya misafara. Mughsail mtaona bahari inavyolipuka juu kupitia matundu ya mwamba, lakini msiingie kuogelea: bahari ya kusi haina rafiki.

Mimi na mke wangu, ambaye kwao ni Chake Chake, tulifika mara ya kwanza tukiwa na miezi sita katika ndoa. Njiani pana vibanda vya matunda vimepangana, ndizi zinaning'inia kwa mikungu, mapapai, miwa, na madafu yamerundikwa chini. Alishuka garini kabla sijaegesha vizuri. Muuzaji alimkatia dafu, akalinywa lote kwa mkupuo bila ya mrija, akaomba lipasuliwe, akachonga kijiko kwenye ganda lake mwenyewe na kuanza kukomba nyama. Manyunyu yanamwangukia buibuini, wala hana habari. Aliniomba tukae palepale, na mipango yangu yote ya siku ile ikaishia kibandani. Jioni tulikula mishkaki kando ya barabara, akaniuliza kama tutarudi mwaka unaofuata. Tumekwisharudi mara nne.

Mkaazi wa Seeb anajibu:

Nawashukuru sana nyote. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nije na habari.

Wiki iliyopita tulifuata shauri la Mzee. Tuliliacha gari Birkat al-Mouz Ijumaa alasiri, tukakodi gari pamoja na mtu na mkewe tuliowakuta hapo nao wakitafuta dereva, tukagawana gharama. Mume wangu hakuzungumza njia nzima ya kupanda. Alikuwa ameegemea dirisha kama mtoto. Tulipofika alfajiri kwenye njia ya al-Aqr makomamanga yalikuwa bado madogo, magumu, mengine yana ua lake jekundu limegandia mwishoni. Tulitembea kwa saa mbili na nusu, tukawa tunasimama kila palipo na maji, na alinisimulia mambo ya utoto wake ambayo kwa miaka mitatu sikuwahi kuyasikia, kwa mfano kwamba babu yake alikuwa akimchukua mlimani kununua marashi na kumrudisha amelala mgongoni. Usiku tuliomba blanketi la pili.

Matairi tumeyatazama. Yanasoma 0815, yote manne pamoja na lile lililopasuka, maana mume wangu alikuwa bado amelihifadhi stoo. Jana tumefunga mengine, tarakimu nimezisoma mimi mwenyewe kwa tochi ya simu. Alhamisi ijayo tunakwenda Ras al-Jinz na nafasi za alfajiri tumeshapata. Ya Salalah tumeiweka Agosti. Binti wa Sur, nakuomba uniambie jambo moja: ufukweni pale saa kumi usiku huwa pana baridi ya kuhitaji shali, au buibui langu litatosha?

Binti wa Sur anajibu:

Chukua shali, dada yangu. Upepo wa pale hauna huruma, na mtakaa chini kwa muda mrefu.