Ulinganisho: pomboo wa Kizimkazi, Shimoni au Mafia? Natokea Kigoma na kamera

BintiKibirizi
Habari za jioni wadau. Nipo Kigoma mjini, napiga picha za ziwa na ndege wake, furukombe hasa. Nimejiwekea akiba ya safari moja ya pwani, na ninachokwenda kutafuta ni pomboo, wakiwa huru baharini, si wa kwenye bwawa. Tanganyika yetu ina kina cha mita 1,470 na samaki wasiopatikana kwingine duniani, lakini pomboo haina, kwa hiyo lazima nishuke baharini. Nimebaki na sehemu tatu: Kizimkazi kule Unguja, Shimoni na Wasini upande wa Kenya, na Mafia. Nina kamera moja na lenzi ya milimita 70-300. Waliowahi kufika nisaidieni: wapi nina uhakika zaidi wa kuwaona, wapi picha zitatoka vizuri, na wapi hawasumbuliwi? Hilo la mwisho naliuliza kwa moyo wote. Nimeona video za boti zikiwazingira hadi roho inauma.

MzeeWaTezi
Karibu binti. Nimezaliwa kusini ya Unguja na bahari ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nianze na kwetu.

Kwa kuwaona, Kizimkazi haina mpinzani. Pomboo wapo mwaka mzima na hawaendi mbali na pwani. Wapo wa aina mbili: wale wa kijivu waliozoeleka, na wale wa nundu, ambao pezi la mgongoni limekaa juu ya kibiongo. Wa nundu ni wachache, wanajificha, na duniani wamo kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Ukimpata huyo kwenye picha, shukuru.

Zamani pomboo walivuliwa, nyama yao ikawa chambo cha papa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wageni wakaanza kuja kuwatazama, watu wakaona pomboo aliye hai analisha nyumba nyingi kuliko aliyekufa. Mwaka 1997 Ghuba ya Menai, yaani bahari yetu hii ya Kizimkazi, ikawa eneo la hifadhi. Hata leo jarife, ule wavu wa kutega, bado linawanasa.

Sasa ubaya wake: asubuhi boti hujazana. Kundi moja la pomboo, boti chungu nzima, kila nahodha anataka mgeni wake awe wa kwanza kuruka majini. Watafiti waliwafuatilia pomboo hawa hawa wakaona kuwa boti zikiwepo wanapumzika kidogo, wanakula kidogo, wanacheza kidogo, muda mwingi unaishia kwenye kusafiri. Mnyama asiyepumzika ataleaje mtoto? Mama hubeba mimba kama mwaka mzima na huzaa mmoja tu.

MdauTanga
Naongezea Shimoni. Ukitokea Tanga unavuka mpaka wa Horohoro, hapo Shimoni si mbali. Boti zinakwenda kwenye hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, na njiani mkondo wa Wasini una pomboo mara nyingi. Faida yake kubwa ni kwamba siku yako haitegemei pomboo peke yao: utaona matumbawe, samaki, kasa, na chakula cha mchana Wasini. Nahodha hana sababu ya kuwakimbiza kwa saa nzima kwa kuwa ana mengine ya kukuonyesha. Hasara: hati ya kusafiria, kiingilio cha hifadhi, na kwa mtu wa Kigoma safari inazidi kurefuka.

KilindoniBoy
Mafia ni nyumbani, lakini sitakudanganya dada. Mafia watu wanafuata papa potwe, yule samaki mkubwa mwenye madoa, kuanzia Oktoba hadi Februari hivi. Pomboo tunao, wakati mwingine unawakuta makundi makubwa nje kwenye maji ya kina, ila ni bahati. Kama roho yako iko kwa pomboo na safari ni moja, usije huku kwa ajili yao. Ukitaka potwe na kisiwa kitulivu, karibu sana.

Safari_Lover
Mimi nasema Kizimkazi na uogelee nao kabisa! Vaa miwani ya kuzamia, ruka, utawaona chini yako. Hakuna picha ya juu ya boti itakayofikia ile.

MzeeWaTezi
Ndugu yangu, hapo sikubaliani nawe. Ukiruka mbele yao wanabadilisha njia, nahodha anakupakia tena, anawazunguka, anakurusha tena. Huko ni kuwawinda, hata kama hakuna chusa. Na picha zenyewe ni mkia unaoondoka na mapovu ya watu.

MwalimuMwanga
BintiKibirizi, sisi watu wa Kigoma jambo hili tunalijua kuliko tunavyodhani. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall alipofika Gombe, hifadhi yetu ya ziwani, Julai 1960, sokwe walimkimbia kwa miezi. Hakuwafukuza. Alikuwa anakaa kilimani, mahali pa wazi, siku baada ya siku, mpaka wakazoea kuwa yule mama hana neno. Na leo ukienda Gombe hukai nao zaidi ya saa moja, na unaambiwa usimame mbali kiasi gani. Nahodha wa pomboo mdai hivyo hivyo. Muulize kabla hujalipa: ukiwaona, unafanyaje? Akijibu kwamba anapunguza mwendo akiwa mbali, anakwenda sambamba nao ubavuni, hawakatizi njia, na wakimjia anaiacha injini bila gia, huyo panda naye. Akijibu “nitakufikisha juu yao kabisa”, mshukuru, endelea kutafuta.

Kwa hiyo mimi nisingelinganisha sehemu tatu, ningelinganisha manahodha. Nahodha mtulivu wa Kizimkazi atakupa siku nzuri kuliko mwenye papara wa Shimoni.

FundiLenzi
Mwalimu kasema kweli, na hata kwa picha ni hivyo. Pomboo anayekimbizwa anatoa pumzi haraka na kuzama. Unapata kipande cha mgongo. Aliyetulia anaibuka kwa mpangilio. Utasikia pumzi kwanza, pfuu, kisha utosi wenye tundu la pumzi, kisha pezi, kisha mgongo unajikunja. Akiibuka mara mbili tatu kwa umbali unaolingana, lenga pale atakapoibuka tena, usilenge alipotoka.

Lenzi yako ya 70-300 inatosha kabisa. Kwenye boti ndogo lenzi ndefu zaidi inakuwa mzigo, unahangaika kumtafuta mnyama ndani ya kioo huku unayumba. Anza na 100 au 150, vuta akishakaa. Kasi ya shata isishuke chini ya 1/1000 ya sekunde, mimi napenda 1/1600. Fokasi iwe ya kufuatilia mfululizo, picha zitoke kwa mkupuo. Jua liwe mgongoni. Saa za adhuhuri maji yanang'aa kama bati jipya na ngozi ya pomboo inakuwa nyeusi tupu, hivyo toka alfajiri. Usiegemeze mkono kwenye ubao wa boti, mtetemo wa injini unaingia kwenye picha. Magoti na kiuno ndivyo vibebe mawimbi.

Chumvi sasa, maana umezoea maji ya ziwa yasiyo na chumvi. Tone la bahari likikauka kwenye lenzi linaacha punje ndogo, ukifuta kwa kitambaa kikavu umekwangua kioo. Loanisha kitambaa kwa maji ya kunywa, gusa taratibu, kisha ndiyo ufute. Ukirudi, pangusa kamera nzima kwa kitambaa chenye unyevu wa maji yasiyo na chumvi kabla ya kuihifadhi.

Na ombi: piga picha za pezi la mgongoni kwa ubavu, pande zote mbili ukiweza. Kingo za pezi zina mikato na makovu, na kwa hayo watafiti humtambua pomboo mmoja mmoja mwaka hadi mwaka. Picha isiyopendeza ukutani inaweza kuwa ndiyo yenye faida kwao.

MwalimuMwanga
Mazoezi unayo mlangoni. Panda boti ya abiria pale Kibirizi, ile ya kuelekea kaskazini, keti pembeni upige furukombe akinyakua samaki. Boti inayumba vile vile. Ukiweza kumpata yeye, pomboo hatakushinda.

BintiKibirizi
Nimesoma kila mstari, asanteni sana. Mafia naiacha kwa sasa, KilindoniBoy Mungu akubariki kwa ukweli. Shimoni imenivutia kwa yale matumbawe, lakini hati ya kusafiria sina bado. Naelekea Kizimkazi, na kuruka majini siruki. Mzee, niende mwezi gani, na nifanyeje kukwepa ule msongamano?

MzeeWaTezi
Epuka Juni hadi Agosti, kusi linapiga upande wetu na boti ndogo zinateseka. Masika nayo, Machi mwishoni hadi Mei, mvua na maji machafu. Oktoba na Novemba upepo ukilegea bahari inalala, na hata kaskazi ikianza sisi wa kusini tunakingwa na kisiwa chenyewe. Lala Kizimkazi kwenyewe usiku mmoja au miwili, usije na magari ya asubuhi kutoka mjini. Hapo mnatoka na nahodha kabla ya mabasi ya wageni kufika, au mnatoka alasiri wakishaondoka. Siku ya pili ni akiba kama ya kwanza bahari imekataa. Na ukiona mama na mtoto wamejitenga, au kundi limebanana na kubadilisha njia ghafla, mwambie nahodha arudi nyuma. Akikataa, mwambie tena.

MdauTanga
Usafiri: panda treni ya reli ya zamani Kigoma hadi Dodoma kupitia Tabora, kisha treni ya SGR, ile reli mpya ya umeme, Dodoma hadi Dar, iko tangu 2024 na inachukua saa chache tu. Dar unapanda boti ya Unguja, kama saa mbili. Beba kamera mkononi, usiiweke kwenye mizigo.

BintiKibirizi
Basi ni Oktoba, nikijaaliwa. Mzee, nikifika Unguja nitaandika hapa hapa uniambie nishukie wapi.

MzeeWaTezi
Shuka Kizimkazi Dimbani, karibu na msikiti wa kale. Ukifika pwani uliza manahodha wazee, si vijana wanaokimbilia magari.