Kanda za marehemu baba zimeota ukungu, naombeni ushauri

Asalaam aleykum wenzangu. Nipo Wete.

Marehemu baba kaniachia kanda 34 za taarab ndani ya bati la biskuti. Nyingi za kikundi cha Culture na za kile cha Malindi (yaani Ikhwani Safaa, wale wa tangu 1905), na moja ya Bi Kidude ambayo kibandiko chake kishafutika. Udogoni nikizikimbia, nataka bongo fleva tu. Kilichonigeuza ni ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi za kudonoa. Ile inavyopiga peke yake mwanzo, polepole, fidla zikasubiri, kisha zote zikaingia kwa pamoja! Tangu hapo nyimbo isiyo na bashraf, yaani muziki mtupu wa kufungulia, naiona kama chai isiyo na tangawizi. Samahanini wapenda kinanda.

Sasa juzi nafungua bati, utepe una vumbi jeupe ukingoni kama unga wa muhogo. Moja nimeitia kwenye redio kwa pupa, sauti ikawa kama mtu anaimba ndani ya mtungi, kisha redio ikaumeza utepe. Nimeurudisha kwa kalamu, umekunjika.

Wenye ujuzi: ukungu huu nautoaje bila kuuharibu wimbo? Spiriti ni ya kusafishia hedi (kile kichwa cha redio kinachosoma utepe) tu au hata utepe wenyewe? Na nikitia waya kutoka tundu la hedfoni hadi kompyuta, inatosha kuzihamisha, au nimtafute fundi? Fundi wa mwanzo alinirudishia kanda imekatwa na kuungwa kwa selotepu ya dukani, ndiyo maana naogopa.

Ya Bi Kidude sijaigusa.