Makala ninazohitaji zinadai malipo: maktaba ya chuo inaweza kunisaidiaje?

Mwanafunzi wa Uzamili
Habari za leo, ndugu zangu. Ninaandika tasnifu na nimefikia sura ya mapitio ya maandiko. Kila ninapotafuta makala nikiwa nyumbani huonyeshwa ikisiri tu, kisha ukurasa hunitaka nilipe kwa kadi ya benki, ilhali makala zizo hizo hufunguka bila kudaiwa chochote ninapokuwa chuoni. Naomba kufahamishwa sababu ya tofauti hiyo. Vilevile, kuna namna ya kupata kitabu ambacho hakimo kabisa katika katalogi ya maktaba yetu?

Mkutubi wa Marejeleo
Usilipe kwanza. Chuo hulipia majarida hayo kwa ada ya mwaka, na mchapishaji humtambua msomaji kwa anwani ya mtandao anaoutumia. Kwa hiyo ukiwa nyumbani, kwake wewe ni mgeni kama wageni wengine. Anzia kwenye tovuti ya maktaba, chagua hifadhidata unayoitaka, kisha ingia kwa namba yako ya usajili na nywila. Katika vyuo vingi utaona anwani ya ukurasa imeongezewa jina la seva ya maktaba, na hapo ndipo utajua kwamba unapitia mlango wa chuo. Ukipendelea Google Scholar, fungua mipangilio yake, tafuta sehemu ya viungo vya maktaba na uchague chuo chako; kiungo cha maktaba kitajitokeza kando ya makala ambazo chuo kimezilipia.

Kuhusu kitabu, omba huduma ya kuazimana baina ya maktaba. WorldCat, katalogi ya pamoja ya maktaba za nchi nyingi, itakuonyesha maktaba zilizo nacho. Katika fomu andika ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) na toleo, kwa sababu ombi lenye jina la kitabu pekee huweza kukuletea toleo usilolihitaji. Ikiwa unahitaji sura moja tu, sema hivyo: sura huweza kutumwa kwa barua pepe, ilhali kitabu kizima husafirishwa, na maktaba inayokimiliki ndiyo inayopanga muda wa kukaa nacho, au hata kukutaka ukisomee ndani.

Mtafiti wa Uzamivu
Nakubaliana na mkutubi, lakini kwa maoni yangu kujaza fomu kabla ya kutafuta nakala huria ni kujichelewesha bure. Unpaywall hukuonyesha nakala halali zisizolipiwa, DOAJ huorodhesha majarida huria tangu 2003, na watu wa fizikia, wakifuatwa na wa hisabati, wamekuwa wakiweka miswada yao arXiv, hazina huria ya mtandaoni iliyoanza 1991. Hazina za kidijitali za vyuo nazo zina tasnifu nyingi ambazo hutazikuta kwenye jarida lolote.

Mkutubi wa Marejeleo
Sina pingamizi, ila pana tahadhari moja. Nakala nyingi zinazowekwa na waandishi wenyewe ni mswada uliokubaliwa kabla ya kupangwa kurasa. Ukinukuu ukurasa wa 7 wa mswada, wakati makala iliyochapishwa inaanzia ukurasa wa 213, mtahini ataitafuta nukuu yako asiione. Soma mswada upendavyo, lakini namba za kurasa zihakiki katika toleo la jarida.

Mhadhiri
Naongeza mawili. La kwanza, vyuo vya nchi zenye kipato cha chini huweza kupata majarida bure au kwa ada nafuu kupitia Research4Life, mpango ulioanza na majarida ya afya mwaka 2002. Chuo husajiliwa kama taasisi, kwa hiyo muulize mkutubi kama chenu kimo, kwani nimeona vyuo ambavyo wanafunzi hawana habari kabisa kwamba wanayo haki hiyo. La pili, panga miadi na mkutubi wa somo lako kabla hujaendelea na sura hiyo, ukiwa na swali lako la utafiti mkononi. Wanafunzi wengi humwendea mkutubi baada ya msimamizi kurudisha kazi, nami huona wamechelewa.

Mtafiti wa Uzamivu
Tena, akaunti ya maktaba kwa kawaida hufungwa muda mfupi baada ya kuhitimu, kwa hiyo hifadhi makala zako mapema katika Zotero, ambayo ni programu ya bure ya kutunza marejeleo. Ila usitumie programu ya kupakua mamia ya makala kwa mkupuo, kwa kuwa mikataba ya wachapishaji hukataza jambo hilo, na mchapishaji akiligundua anaweza kukifungia chuo kizima.