Huyu naibu wa Vienna ana roho ya aina gani jamani??

Wakuu heshima kwenu. Simtaji jina, mnamjua. Yule mtakatifu aliyeachiwa nchi na Duke, mtawala wa Vienna, kwenye Measure for Measure, tamthilia ya Shakespeare. Nimeimaliza sasa hivi na sina hata hamu ya kula.

Yaani mtu kiti hakijapata joto, anafufua sheria iliyolala miaka 14, anamhukumu Claudio kukatwa kichwa kisa kampa mimba mchumba wake. MCHUMBA WAKE! Walishakubaliana, walikuwa wanangoja tu mali ya binti iliyoko kwa ndugu zake. Kwa sheria hiyo mtaani kwetu wangebaki mbuzi na watoto wachanga, na hao watoto ndo ushahidi wenyewe.

Dada mtu, Isabella, anayejiandaa kuwa mtawa, anaenda kuomba huruma. Mheshimiwa anajibu nini? Lala na mimi nimwachie kaka yako. Binti anasema nitakutangaza, jamaa anamuuliza nani atakuamini.

Ila hapo siyo aliponimaliza. Kanimaliza alfajiri. Anaamini keshapata alichotaka gizani (kumbe aliyeingia badala ya Isabella ni Mariana, mchumba aliyemtosa baada ya mali yake kuzama baharini pamoja na kaka yake), anatoka pale anaandika barua gerezani, Claudio auawe kufikia saa kumi, kichwa nikipate saa kumi na moja. Umelipwa, UMELIPWA, halafu unaagiza kichwa kama supu ya asubuhi! Hata mla rushwa wa kawaida akishakula anakusainia fomu!! Saa kumi na moja!

Kisiki: Hii ilichezwa mbele ya Mfalme James wa Uingereza Desemba 26, 1604, leo ndo unatetemeka? Kunywa maji mkuu.

Mama Wawili: Tatizo Duke. Sheria kailaza yeye, akaona aibu kuikaza mwenyewe akamwachia mwenzie achukiwe, yeye kavaa joho la ufrateri anazunguka gerezani kuungamisha watu. Kamficha Claudio mzima wa afya halafu anamwambia dada yake keshakufa. Na mwisho anamposa! Mara mbili, mbele za watu, na binti hajibu neno mpaka mchezo unaisha.

Mleta uzi: Sawa dada, Duke naye ana yake, ila KICHWA. Saa kumi na moja.

Chumvi Kidogo: Unafiki hujauona bado, kasome Mabepari wa Venisi, tamthilia nyingine ya Shakespeare aliyotafsiri Mwalimu Nyerere. Portia, binti aliyejifanya mwanasheria, anahubiri huruma mpaka unataka kulia, geuka kidogo Shylock, Myahudi mkopesha pesa, kanyang'anywa nusu ya mali na kulazimishwa kubadili dini juu.

Kisiki: Tusihame. Mnajua Isabella alipiga magoti kumwombea huyo huyo naibu asiuawe, na hapo bado anaamini kaka yake kafa? Mimi ningeleta shoka toka nyumbani.

Dogo wa Bandarini: Shujaa wa mchezo ni Barnardine bwana. Kafungwa miaka 9, kaja kuitwa akakatwe kichwa anasema nimekunywa usiku kucha, leo sifi. Na hakufa! Ikabidi wampelekee naibu kichwa cha haramia aliyekufa kwa homa humo humo gerezani, wadai ni cha Claudio hahahaaa

Mleta uzi: Narudia, alikuwa KESHALIPWA.

Dogo wa Bandarini: Tumekusikia mzee.

Chumvi Kidogo: Na Lucio, yule rafiki wa Claudio, je? Naibu kasamehewa, Barnardine ambaye ni muuaji kasamehewa, Lucio kamsema tu Duke vibaya anaozeshwa kwa nguvu. Kumbe huruma ipo kwa wote ila usimguse mkubwa.

Mama Wawili: Lucio alizaa na yule mwanamke akamkana mtoto, anayemlea ni mtu baki. Aoe tu.

Chumvi Kidogo: Kwani hawezi kutoa matunzo bila kuoa?

Mama Wawili: Matunzo?? Nani anatoa? Ngoja nichaji simu, wa kwangu alianza kusema hajapokea mshahara mtoto akiwa tumboni, sasa hivi yuko la tatu